Taima ya boila si ubahili

Kwetu moto unaonekana. Kipupwe kikibana Makete au Njombe, jiko la mkaa linaingizwa ndani, na kila aliye chumbani anajua limewashwa saa ngapi, mkaa umebaki kiasi gani, na nani wa kulitoa nje kabla ya kulala, kwa sababu mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua. Uingereza moto umefungiwa kabatini. Boila ya gesi inawaka nyuma ya kifuniko cheupe, maji ya moto yanazunguka hadi kwenye rejeta za ukutani, yale mabamba ya chuma yanayopasha chumba, na kama hakuna saa ya kuiamuru, inaendelea hivyo mchana kutwa wakati wakaaji wote wako kazini. Ndiyo maana nasema mhamiaji anayepanga nyumba isiyo na taima, yaani saa ya kuiwasha na kuizima boila, aanze na hiyo, kabla hajakimbilia hita ya umeme. Uniti moja ya umeme huko inauzwa mara kadhaa ya bei ya uniti ya gesi.

Wapo wenzetu wanaoambiana kwamba kuiacha boila iwake kidogo kidogo saa 24 ni nafuu kuliko kuizima na kuiwasha. Kwa boila ya gesi, hilo si kweli. Joto linavuja kwa kadiri ya tofauti kati ya ndani na nje: nyumba inayoshikiliwa nyuzi 19 mchana kutwa inavujisha zaidi kuliko ile iliyoachwa ishuke hadi 15 kisha ikapashwa jioni. Lakini anayezima kabisa wiki nzima naye anajiumiza. Nyumbani nguo tunaanika uani. Kule zinakaushwa ndani, mvuke wake unagandia kwenye kuta baridi, na baada ya muda mfupi kuna fangasi weusi nyuma ya kabati. Shirika la Afya Duniani linashauri ndani pasipungue nyuzi 18, na penye mtoto mchanga au mzee pahitaji zaidi ya hapo.

Sasa habari ya mwenye nyumba. Nyumbani mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita anabadili kitasa, anaita fundi wake, na mwenye nyumba akija anashukuru. Kule ukigusa kitu bila ruhusa ya maandishi, gharama ya kukirudisha inaweza kukatwa kwenye amana yako, ambayo kwa England mara nyingi hufika kodi ya wiki 5. Sheria ya mwaka 1985 inamlazimu mwenye nyumba kutengeneza mfumo wa joto ukiharibika. Kuongeza taima ambayo haikuwapo si matengenezo, kwa hiyo hilo unaliomba. Ila kama boila yenu ni ya kombi, ile isiyo na tangi, na iliwekwa England baada ya Aprili 2018, kanuni zilitaka iwekwe pamoja na kidhibiti cha saa na cha nyuzijoto. Uliza kiko wapi. Katika barua taja modeli ya boila, kifaa unachotaka, nani atakifunga, na kwamba utarudisha cha zamani ukihama. Ombi la namna hiyo ni vigumu kulikataa.

Akikubali, njia rahisi ni kuondoa themostati ya ukutani, kile kifaa kinachopima joto la chumba na kuiamuru boila, na kuweka yenye saa ndani yake, inayotumia betri. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa na mazoea: soketi ni zile zile za pini tatu tulizonazo nyumbani, volti ni 230, mtu anachukua bisibisi akidhani anajua. Zima swichi ya boila ukutani, ile yenye fyuzi ya ampea 3, toa fyuzi yenyewe uiweke mfukoni, kisha hakikisha kwa testa kuwa waya hauna umeme. Piga picha kabla ya kulegeza skrubu hata moja. Usiamini rangi: nyumba nyingi zina nyekundu na nyeusi za zamani, na mara nyingi waya wa bluu au mweusi umetumika kurudisha umeme kwenye boila. Fuata herufi zilizoandikwa penye tundu. Unaoleta umeme unaingia COM, unaorudi kwenye boila unaingia NO. Ukiingiza NC badala ya NO, nyumba itapashwa wakati unataka ipoe. Themostati za zamani zina pia waya wa N (nyutro), ambao kifaa cha betri hakiuhitaji; ufunge peke yake ndani ya konekta. Ukiuingiza NO, kifaa kikiwasha tu fyuzi inakatika.

Ikiwa kazi inakutaka uunganishe waya ndani ya boila yenyewe, acha. Baadhi ya boila zina matundu ya volti 24, na ukipitisha 230 hapo umeunguza bodi ya umeme. Kufungua kifuniko kinachoziba chumba cha moto ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari la mafundi wa gesi la huko, na ana kitambulisho, mwombe akuonyeshe.

Mwenye nyumba akikataa kabisa, zipo valvu za betri zenye saa, zinazofungwa kwenye rejeta badala ya kile kichwa cha plastiki chenye namba. Nyingi ni saizi M30 × 1.5, zinazungushwa kwa mkono, na hazimwagi maji. Fungua cha zamani kikiwa kwenye namba kubwa kabisa. Ukikuta kipini cha katikati kimekwama baada ya kiangazi, kibonyeze taratibu kwa kitu bapa. Usikivute kwa koleo. Valvu hizi hazizimi boila, zinazuia maji tu. Kwa hiyo usiiweke kwenye chumba chenye themostati ya ukutani: rejeta itafunga, themostati itaendelea kuona baridi, na boila itaendelea kuwaka.

Kuhusu saa zenyewe, anza na kuwasha dakika 45 kabla ya kuamka na kuzima dakika 30 kabla ya kutoka, kisha rekebisha kwa robo saa. Taima za mduara wenye pini huchelewa umeme ukikatika, na hazijui kwamba saa za kule husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Wenye mita ya gesi ya kulipia kabla wasiifananishe na LUKU, mita ya umeme ya kulipia kabla ya Tanzania: tozo ya kila siku inakatwa hata usipowasha chochote, hivyo anayeacha mita tupu kiangazi chote anakuta deni pale baridi inapoanza.

Themostati ya zamani iweke kwenye mfuko pamoja na skrubu zake na picha ya waya, uandike chumba ilikotoka.