Umri usizidi miaka 35

Matangazo mengi ya kazi yanayozunguka WhatsApp hapa Lubumbashi yana mstari huo. Hata mafunzo ya biashara na mikopo midogo siku hizi ni ya "vijana" tu. Kwa maoni yangu, tunawaweka watu kando pale tu wanapoanza kuiva.

Tutazame madini ya kobalti, maana ndiyo inayotulisha na kutugombanisha. Mmarekani John Goodenough alipotoka jeshini akaenda Chicago kusoma fizikia, profesa mmoja alimwambia amechelewa. Hakuwa amefika hata miaka 25! Mwaka 1980, akiwa Oxford na miaka 57, yeye na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inafaa kutengenezea betri ya kuchaji. Sehemu kubwa ya malori yanayopanga foleni mpakani Kasumbalesa na kobalti yetu yanatokana na kazi ile. Kule Oxford kustaafu kulikuwa kunamkaribia, kwa hiyo mwaka 1986 akahamia Texas. Huko, akiwa ameshapita miaka 70, timu yake ikaleta betri ya chuma na fosfati, isiyo na kobalti hata chembe. Yaani aliyeiongezea thamani kobalti ya huku kwetu Katanga ndiye aliyefungua njia ya kuikwepa, tena uzeeni. Nobel alipewa 2019, akiwa na miaka 97.

Sisemi kila mwenye mvi ana jipya. Wapo wanaokaa tu kusimulia enzi za mshahara uliokuja na gunia la unga.

Lakini kuna papa mmoja, mzee jirani yetu wa mtaa wa Katuba, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye matanuru ya kuyeyusha shaba. Baada ya kustaafu alianza kuunda mbabula, yaani majiko ya makala (makaa). Ndani anazipaka udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, unene wa vidole viwili, na tundu la hewa analiweka chini, upande mmoja tu. Makala ya kupikia bukari (ugali) mara moja sasa yanaivisha na maharagwe. Kijana gani angejua hilo bila kusimama mbele ya tanuru nusu ya maisha yake?

Sasa anatafuta mashine ya kukatia mabati. Alipokwenda kuomba mkopo, walimshauri amtume mwanawe ajaze fomu. Mwanawe ana miaka 22 na hajawahi kushika nyundo.