Tikiti nalo limekuwa mtuhumiwa

Jamani hivi sisi tule nini? Daktari kaniambia punguza chumvi, punguza nyama, kula matunda. Sawa dokta. Sasa juzi jamaa wa kijiweni, yule anayejua kila kitu isipokuwa lini atalipa deni la kahawa, kaja na stori ya California, eti mwaka 1985 Wamarekani walikula matikiti kwenye sikukuu yao ya uhuru, tarehe 4 Julai, watu wakaanza kutapika, kuharisha, jasho linawamwagika, macho yanaona ukungu, misuli inacheza yenyewe. Nikadhani kamba za kijiweni, nikaenda kusoma mwenyewe, kumbe kweli bwana, walioripotiwa kuugua walizidi 1,000. Kisa ni dawa ya wadudu iliyokuwa ndani ya matikiti hayo, inaitwa aldikabu, na kwenye matikiti ilikuwa hairuhusiwi kabisa. Serikali ikapiga stop mauzo sikukuu hiyohiyo, matikiti yakaharibiwa, yaliyopimwa yakaonekana salama ndo yakabandikwa stika.

Mke wangu kusikia hivyo kakamata tikiti kaanza kulisugua na sabuni ya unga na stilwaya. Nikamwambia mama Zai, dawa ile inanyonywa na mizizi mpaka ndani ya tunda, hapo unalipendezesha tu. "We kaa na Marekani yako, mi naosha."

Ila kinachoniudhi mimi ni hiyo stika. Huku kwetu stika ni kiganja cha muuzaji, analipiga tikiti makofi mawili, du du, "hili tamu bosi, beba", basi limeshapita maabara. Muulize limepigiwa dawa gani, anakuangalia kama umemuulizia mchumba wake. Na mkulima mmoja nilimsikia mwenyewe anasema ya kuuza ana shamba lake, ya kula na wanae ana tuta lake nyuma ya nyumba, anacheka, na mimi nacheka naye, hela nimeshatoa.

Na mtu akizidiwa nani atasema ni tikiti? Jasho, misuli inacheza, macho hayaoni, mtaa mzima umeshajua karogwa, na jirani aliyenunua bodaboda mpya ndo anaanza kuangaliwa vibaya.

Haya, tuseme serikali imekuja kukamata kweli, lori zima, utepe, kamera za tivii. Mi nawaza usiku wake. Asubuhi matikiti yale yameshakuwa juisi ya jero pale stendi, ina barafu, na kwa joto hili la Dar mi ndo wa kwanza kwenye foleni nagombania chenji.