Siku kumi na sita za goti

Shangazi yangu wa Tanga, kila akipiga simu, huniuliza kazi ninayofanya huku Marekani ni kazi gani hasa. Nilishamweleza mara kadhaa kwamba naandaa madai ya bima katika kliniki ya fiziotherapia, haikumwingia. Siku moja nikaamua kumrahisishia: "Shangazi, nahesabu siku ambazo wazee wamekunja magoti majumbani kwao." Kimya kidogo, kisha kicheko. "Na kwa hilo unalipwa, mwanangu?"

Mimi nalipwa. Kliniki ndiyo ilikuwa leo inalipwa, kesho hailipwi, na chanzo chake kilikuwa hesabu moja tu: 16.

Tangu Januari 2022, Medicare, bima ya serikali ambayo wanachama wake wengi wana miaka 65 na zaidi, inalipia ufuatiliaji wa mgonjwa wa viungo akiwa nyumbani. Mtu aliyebadilishwa goti anawekewa programu kwenye simu. Inamwonyesha mazoezi, anaingiza amefanya mangapi na maumivu yalikuwaje, na mtaalamu wake anayaona akiwa kliniki. Madaktari walikuwa tayari na namba zao za kudai kazi ya aina hii, ila zile zilihesabiwa kuwa huduma za kidaktari na watu wa fiziotherapia hawakuruhusiwa kuzigusa. Tena zilitaka vipimo vinavyojituma vyenyewe kutoka kwenye kifaa. Namba za 2022 zilikubali taarifa anayoiingiza mgonjwa kwa kidole chake. 98975 ni ya kumwandikisha na kumfundisha. 98977 ni ya programu au kifaa kwa siku 30. 98980 ni ya dakika 20 za kwanza za mtaalamu ndani ya mwezi, na 98981 ni ya kila dakika 20 zinazoongezeka.

Kwenye 98977 ndipo tulipokwama. Ili kliniki ilipwe zile dola 40 na ushei, taarifa za mgonjwa zilipaswa kuingia siku 16 kati ya 30. Zikiingia siku 15, kapa.

Tulikuwa na mzee mmoja, dereva mstaafu wa basi la shule, goti la kulia. Mwezi wa kwanza alifanya mazoezi siku 14, na kila siku aliyafanya yote, bila kuruka hata zoezi moja. Goti lilikuwa linakunjika mpaka mtaalamu wake akawa anamtolea mfano kwa wengine. Kwenye skrini yangu mzee huyu alikuwa na alama nyekundu. Mwezi huohuo mama mwingine alifikisha siku 22, kijani kitupu. Mtaalamu alipomwambia anyanyue mguu, haukunyanyuka. Mama akacheka, akakiri kwamba huwa anabonyeza "nimefanya" huku anasubiri kahawa yake itoke. Kwa macho ya bima, aliyefuatiliwa ni mama. Mzee hakuwepo.

Sheria ikipima kitu kisicho chenyewe, watu wa ofisini huanza kukitumikia kitu hicho, na sisi hatukuwa malaika. Ikifika siku ya 24 au 25 nilikuwa natoa orodha ya waliobakiza siku mbili tatu, na mapokezi wanaanza kupiga simu. Mwanzoni waliuliza, "Goti linaendeleaje?" Baada ya miezi michache wakawa wanasema, "Tunaomba ufungue programu leo na kesho." Orodha ile niliitengeneza mimi kwa mikono yangu, na siioni kuwa jambo la kujivunia.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua kwa kuchelewa. Kanuni za malipo za mwaka 2024 zilifafanua waziwazi kwamba siku 16 zinahusu kuandikisha na kifaa. Dakika za mtaalamu, yaani 98980 na 98981, hazimo. Sisi tulikuwa tunatupa vyote. Mgonjwa asipofikisha siku 16, jina lake lilitoka kwenye orodha na dakika zake zikaenda nalo. Yule mzee wa basi, mtaalamu alikuwa ameona kwenye programu kwamba maumivu yanapanda kila anapofanya zoezi la ngazi. Akampigia, wakazungumza, akampunguzia kimo cha ngazi, akarudi kumwangalia tena wiki iliyofuata, na dakika 20 zilipita. Hiyo ndiyo huduma yenyewe, na hatukuidai hata senti.

Kwa hiyo naomba wenzangu mnaofanya kazi hii, na najua Waswahili mko wengi kwenye ofisi za bili za huku, muanze na dakika. Siku zije baadaye. Dakika zina masharti yake: lazima ndani ya mwezi kuwe na angalau mazungumzo moja ya moja kwa moja, sauti kwa sauti, na ujumbe wa maandishi peke yake hautoshi. Lazima pia pawe na maandishi ya nani alifanya nini na lini. Na kuna mtego wa kalenda mbili ambao sijui nani aliuona unafaa. Kifaa kinahesabiwa kwa siku 30 tangu mgonjwa aanze, dakika zinahesabiwa kwa mwezi wa kalenda. Mgonjwa aliyeanza tarehe 18 ana miezi miwili inayopishana ndani ya faili moja. Mimi nimeweka safu mbili zenye rangi tofauti, na bado kuna siku nazichanganya. (Kwenye dai, alama ya GP, inayoonyesha kwamba ni kazi ya fiziotherapia, msiisahau. Kazi ikifanywa na msaidizi wa fiziotherapia inaongezewa alama ya CQ, na malipo yanashuka hadi asilimia 85.)

Mwaka 2026 umeleta nafuu. Kuna 98985 ya kifaa kwa taarifa za siku 2 hadi 15, na 98979 ya dakika 10 za kwanza. Mzee wa siku 14 sasa ana nafasi yake. Nilifurahi nilipoisoma, halafu nikakaa nikawaza ile orodha yangu ya siku ya 24. Kama tuliweza kuwasukuma watu wabonyeze mara 16, tutashindwaje kuwasukuma wabonyeze mara mbili? Upande wa madaktari tumeshaona mambo yanavyokwenda. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani ilitoa ripoti Septemba 2024: malipo ya Medicare kwa ufuatiliaji wa mbali yalipanda kutoka dola milioni 15 mwaka 2019 hadi zaidi ya milioni 300 mwaka 2022, na kama asilimia 43 ya wagonjwa hawakupata sehemu zote tatu za huduma, yaani mafunzo, kifaa na usimamizi wa matibabu. Sitaki kusema wote hao waliibiwa. Ila mtu aliyepewa kifaa na hakuna anayekitazama, amepewa nini?

Halafu kuna mfuko wa mgonjwa. Medicare inalipa asilimia 80, iliyobaki ni juu yake, baada ya kumaliza kiasi chake cha kuanzia mwaka. Wenye bima ya nyongeza hawaioni. Wasio nayo, mwezi wa kifaa na dakika 20 unawaletea barua ya karibu dola 19. Si hela ya kumfilisi mtu, lakini kama ulimwambia "ni programu tu, tunakuwekea," barua hiyo inamfikia kama wizi. Bibi mmoja alikuja nayo dirishani kwangu imekunjwa mara nne, akaniuliza simu yake inamdai kwa nini. Kuifuta siwezi, kliniki hairuhusiwi kusamehe mchango huo kwa mazoea. Nilichoweza ni kumwomba radhi, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Sasa tuna karatasi ya maneno machache tu ambayo mapokezi wanaisoma kabla simu ya mgonjwa haijaguswa: hii inalipiwa kila mwezi, sehemu yako ni kiasi hiki, unaweza kukataa. Waliokataa wameongezeka. Kila mwisho wa mwezi meneja hunijia akiuliza mbona walioandikishwa wamepungua, nami namwekea mbele orodha ya madai yaliyorudishwa, ambayo nayo imepungua. Anaitazama, ananitazama, anarudi ofisini kwake.