Mapenzi kwa Aboutrika hayakuanzia kwenye fulana

Kuna mwandishi anayedai kwamba Mohamed Aboutrika, kiungo wa zamani wa Misri, anapendwa hasa kwa ile fulana ya kuwahurumia watu wa Gaza aliyoionyesha mwaka 2008 kwenye mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Sudan, dai ambalo sikubaliani nalo. Miaka miwili kabla, ni yeye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoizamisha Ivory Coast kwenye fainali ya kombe hilo mjini Cairo, na mwaka huohuo akaipa klabu yake ya Al Ahly ubingwa wa klabu za Afrika kwa bao la dakika za majeruhi, tena ugenini Tunisia. Sisi tuliojazana kwenye banda la video siku ya fainali ya Kombe la Mataifa ya 2008 bado tunamwona mshambuliaji wa Misri, Mohamed Zidan, akimng'ang'ania beki wa Cameroon, Rigobert Song, hadi akamnyang'anya mpira na kumsogezea Aboutrika, aliyeukwamisha wavuni bila papara. Je, kiungo gani mwingine asiyewahi kucheza Ulaya wala Kombe la Dunia amependwa kiasi hiki barani kwetu?