Kichwa Changu na Roshani ya Bibi

Nyumba ya bibi yangu iko Mji wa Kale wa Mombasa, ndani ndani huko nyuma ya Ndia Kuu, na ina ile roshani ya mbao ambayo watalii husimama chini wakaipiga picha mpaka shingo zikawauma. Ni ya zama zile reli inaanza kujengwa, mji umejaa wafanyibiashara na kila mwenye pesa ataka nakshi zake zimshinde jirani. Mbao zake msaji tupu. Mbele kuna nguzo ndogo ndogo za kukereza, na chini ya sakafu yake kumening'inia ubao uliotobolewa maua maua, sisi nyumbani twauita pazia.

Basi kipande kimoja cha pazia kikaanguka. Kikaangukia mkokoteni wa muuza madafu, hakikuumiza mtu alhamdulillahi, lakini dafu moja likapasuka na bibi ikabidi alilipe, na hilo ndilo lililomuuma hasa. Kabla hata sijajua kuna nini tuktuk ikapita juu ya kile kipande ikakifanya kuni. Bibi akaniita. "Wewe ndiye mwanamume uliyebaki hapa, wenzako wote wako Dubai. Tafuta fundi, roshani irudi vile ilivyokuwa. Na nisione simiti nyumbani kwangu."

Hiyo simiti ina kisa chake. Ami yangu mmoja, zamani kidogo, alijitolea kutengeneza ukuta wa mbele akaupiga plasta ya simiti ikawa laini inang'ara, watu wakamsifu. Sasa kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, na jiwe la tumbawe lataka chokaa, maji yakiingia yapate pa kutokea, simiti yenyewe inayafungia ndani pamoja na chumvi yote ya bahari, na haikuchukua muda ile plasta ikaanza kubanduka na ikiondoka inaondoka na vipande vya ukuta. Bibi na simiti hawasemezani mpaka leo, na ami naye biriani ya Idi huletewa kwa kibakuli, haitwi mezani.

Fundi nikampata Kibokoni, mzee wa maneno machache na penseli sikioni. Akaja, akatizama, akanywa kahawa vikombe kadhaa, akagongagonga huku na huku, halafu akasema, "Hii kazi haina msumari." Kisha akanyamaza. Hakuna aliyemuuliza ana maana gani, na laiti ningemuuliza, ningeokoa mengi.

Akasema ataka ramani ya ua la pazia, ili akalichonge lingine mfano wake. Kile kipande ndio hivyo kimekuwa kuni, kwa hiyo tulichore kutoka kwa kipande cha pembeni ambacho bado kipo. Tukajaribu ngazi. Njia yetu wanaoijua waijua, ukiweka ngazi umefunga mtaa, mara tuktuk yapiga honi, mara mama na beseni la mahamri ataka kupita, mara mkokoteni wa maji, fundi akashuka akasema haiwezekani. Sasa wewe kijana, lala juu ya roshani, pitisha mkono katikati ya nguzo, weka karatasi, chora.

Nikalala kifudifudi. Mkono ukapita, karatasi ikakaa, lakini nachora sioni ninachochora. Nikasogeza uso. Bado. Nikasukuma kichwa kidogo, kikapita, wallahi kikapita vizuri sana hata nikafurahi, nikaona ua lote na majani yake, nikalichora, nikamtupia fundi karatasi chini, akanipa dole gumba. Nikavuta kichwa nirudi.

Hakirudi.

Kumbe masikio wakati wa kwenda hulala, wakati wa kurudi husimama. Nikavuta tena, nikageuza kushoto, nikageuza kulia, nikasema bismillahi, hapana. Nikamwita fundi pole pole, sitaki watu wajue. Akaniangalia kutoka chini akauliza, "Umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza lakini sitoki. Akacheka, na huyo mzee sijawahi kumuona akicheka kabla wala baada ya siku hiyo.

Bibi akatokea nyuma yangu, mimi simuoni, nasikia bakora tu kwenye ubao. "Wafanyani huko?"

"Bibi, nimekwama."

Kimya. Halafu swali lake la kwanza, nawaambieni haki ya Mungu la kwanza kabisa, likawa: "Nguzo haijapasuka?"

Fundi akapanda. Binamu yangu akaja mbio na msumeno, yule ana haraka na kila kitu, akasema hii nguzo moja nakata dakika moja tumemtoa. Bibi akapiga bakora chini. Akasema nguzo hizi zimemuona babu yake akioa, haikatwi hata moja. Na jirani, mzee mmoja mstaafu aliyekuwa amekaa barazani kwake anajipepea, naye akapaza sauti kutoka ng'ambo kwamba hili eneo ni la kuhifadhiwa, huwezi ukakata kitu cha mbele ya nyumba bila kibali cha watu wa makumbusho, na leo Jumamosi, ofisi ni Jumatatu. Binamu akauliza kwa hiyo akae hapa mpaka Jumatatu? Mzee akajibu, "Mpeni mto."

Bibi akaongeza, "Masikio yatapona. Msaji haupatikani tena."

Wakati twabishana hivyo ndio likaingia kundi la watalii. Wanatoka Fort Jesus, wana kofia zao na chupa za maji, na yule kijana anayewatembeza namjua, tumesoma naye madrasa. Akasimama chini yangu hasa akaanza kama kawaida yake, ngome ilianzwa 1593 na Wareno, mitaa hii ni myembamba ili iwe na kivuli, na roshani kama hii ilitengenezwa ili kina mama wakae juu wapate upepo, waone njia yote na wao wasionekane. Akanyoosha kidole juu. Watu ishirini wakainua macho. Mimi huyo, naonekana.

Bibi mmoja wa kizungu akamuuliza kitu. Sikusikia vizuri lakini jibu nililisikia, alisema kwa Kiingereza chake kile, "Hapana, roshani ni ya asili, yeye ni wa juzi." Wakacheka, simu zikatoka. Nikamwambia kwa Kiswahili neno ambalo siwezi kuliandika hapa, na yeye akawafasiria watalii kwamba nimesema karibuni Mombasa.

Sasa ikaanza dawa. Mama wa nyumba ya pili akaleta sabuni, ikaingia machoni. Shangazi akaleta mafuta ya nazi, yakateremka mpaka kwenye kola. Halafu akatokea kijana anayefanya kazi ya majahazi Bandari ya Kale, ana kopo mkononi, akasema nyinyi wote mnacheza, mafuta ni haya. Yale yaitwa sifa, ni mafuta ya maini ya papa, mabaharia huyapaka mbao za jahazi zisinywe maji, na harufu yake haina jina. Nikasema hapana. Nilisema hapana waziwazi. Ulishawahi kubishana na mtu ilhali kichwa chako kiko nje na mwili uko ndani? Alinipaka kuanzia utosini mpaka shingoni, akanipaka na masikio kwa ndani.

Kichwa hakikutoka. Paka ndio waliotoka.

Wale mnaoishi Mji wa Kale sina haja ya kuwaeleza kuhusu paka wetu. Akaanza mmoja mweupe juu ya ukuta, akanusa. Mara wawili barazani. Mara wanashuka mapaa yote ya mtaa, wanapita juu ya dari za mabati, mmoja wa rangi ya machungwa akaruka kwenye roshani akaja akakaa mbele ya uso wangu tukatizamana, kisha akaanza kunilamba sikio. Ulimi wa paka ni msasa. Huku chini watalii wamefurahi hawaendi kwingine, yule rafiki yangu wa madrasa anawaambia paka hawa ni sehemu ya historia ya mji. Binamu badala ya kuwafukuza anachukua video, na magharibi haijaadhiniwa ile video ishafika Dubai na kurudi.

Ndipo fundi, aliyekuwa amekaa pembeni anamalizia kahawa yake, akasema tena, "Hii kazi haina msumari."

Bibi akamgeukia. "Ndio nini?"

Akaeleza, kwa mara ya kwanza maneno yakazidi kumi. Mafundi wa zamani hawakupiga msumari hapa, kwa sababu hewa ya bahari hula chuma na chuma kikishika kutu hupasua ubao. Kila nguzo ina ulimi juu na chini, ulimi umekaa kwenye tundu, na ule ubao wa juu wa kuegemea umefungwa kwa vijiti vya mbao tu. Ukivitoa vijiti, ubao wainuka, nguzo yatoka nzima nzima, hukati kitu. Shida ni moja, vijiti vimefunikwa na rangi.

Kwa hiyo akachukua kipande cha kioo kilichovunjika, maana moto kwa roshani ya mbao hautaki na dawa ya kutoa rangi haiamini, akaanza kukwangua hapo hapo juu ya kichwa changu. Buluu ikatoka, hiyo ya 2018 kaunti ilipotaka majumba yawe meupe na buluu. Chini yake kijani. Chini ya kijani kahawia, ambayo bibi alikana kabisa kwamba nyumba yake ishawahi kuwa kahawia, wakasimamisha kazi wakajadiliana, mimi magamba ya rangi yananiganda kwenye sifa na paka anaendelea na sikio la pili. Mwisho ukaonekana ubao wenyewe, mwekundu, na kijiti mviringo saizi ya kidole. Fundi akakigonga mara moja, tak. Na kingine. Ubao ukainuka, nguzo ikapanda juu mikononi mwake, na mimi nikarudi nyuma na paka wangu.

Chini wakapiga makofi. Bibi akaipokea nguzo, akaipangusa kwa leso yake, akaikagua juu mpaka chini, ndipo akaniambia nenda ukaoge, na uoge nje.

Pazia lilipokamilika fundi akaleta hesabu yake kwenye karatasi ya daftari: kuchonga ua, kukwangua rangi, vijiti vipya, na mwisho kabisa, kutoa kichwa, shilingi mia tano. Bibi akavaa miwani, akasoma yote, akahesabu pesa akalipa kila kitu isipokuwa ule mstari wa mwisho. "Hicho si cha nyumba," akasema, akanisukumia karatasi.