Nilivyogeuzwa dalali wa mbuzi Nizwa

Watu nyumbani wakisikia uko Uarabuni wanadhani kila wikiendi unakula bata ghorofa ya mia. Jamani, hii ni Oman, Muscat yenyewe maghorofa marefu hakuna, mji mzima mweupe peee umelala chini, umebanwa kati ya milima na bahari. Wikiendi yetu ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili asubuhi upo ofisini kama kawa. Na Ijumaa ya mgeni ni kufua, kupiga simu nyumbani usikie nani anaumwa na nani anataka hela, biriani, usingizi, halafu baada ya laasiri jua likilegea tunateremka Qurum ufukweni kupiga mpira mchangani mpaka magharibi. Kipindi cha joto hata hiyo hamna, nje digrii 40 na ushee, unaenda zako mol kuzurura kwenye kiyoyozi bila kununua kitu unarudi.

Sasa kuna mshkaji wangu Mkenya, huyu hajui kutulia. Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi ya kuchinja akaja na wazo twende Nizwa kwenye mnada wa mbuzi. Kununua? Wala, kupiga picha tu. Nizwa ni kama kilomita 140 kutoka Muscat, na mnada unaanza asubuhi mbichi, ukifika saa nne umekuta mavi ya mbuzi peke yake, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri tulishakuwa barabarani. Mimi kwa ajili ya picha nikavaa kanzu yao nyeupe ya dishdasha na kofia ya kumma nilivyonunua Mutrah sokoni. Na dishdasha ya Kiomani ina kale kashada kananing'inia shingoni, wenyewe wanakatia manukato. Na mimi nikakatia, tena sana. Rangi yangu hii na mavazi yale, ungeniona ungesema huyu mtoto wa hapahapa, maana Waomani weusi wenye asili ya kwetu wamejaa tele, wala hakuna anayekushangaa.

Tukafika. Tukaizunguka kidogo ile ngome yenye mnara mnene wa duara, aliijenga Imamu Sultan bin Saif karne ya 17, yuleyule aliyewafurusha Wareno Muscat mwaka 1650, na wakati wa mwanawe Waomani wakaja wakawang'oa Fort Jesus 1698. Mkenya wa watu kusikia Mombasa imetajwa akaanza kutembea kifua mbele utadhani naye alishika panga.

Mnada wenyewe upo hapo jirani. Kuna njia ya duara, watu wamekaa katikati na wengine wamejipanga nje, na madalali wanazunguka humo na kamba za mbuzi wakipayuka bei. Ukimpenda mnyama unamsimamisha dalali, unampapasa mgongo, unamfunua mdomo uhesabu meno, unambinya kiuno, mnatajiana bei, mkishindwana anaendelea na mzunguko wake. Na wiki ile ya Idi, soko lenyewe wanaliita habta, watu ni nyomi, kila mtu anataka mbuzi wa shuwa, ile nyama inayopakwa viungo, inafungwa kwenye majani halafu inafukiwa shimo la moto siku nzima au mbili. Tamu balaa lakini tuyaache.

Nimesimama zangu pembeni najitengeneza kofia, nikasikia nyuma yangu Kiswahili kile cha Unguja kilichonyooka: "Mwanangu, wewe wa wapi?" Nageuka, babu mmoja ndevu nyeupe, bakora mkononi. Nikampigia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwambia mimi wa Tanga. "Ala! Tanga khasa?" Tukasalimiana mpaka nikasahau nilichofuata. Halafu akaniambia, "Basi hebu nishikie huyu, naja sasa hivi." Ugenini mtu amekwita mwanangu kwa Kiswahili kile, kamba utaikataaje? Nikapokea. Mwishoni mwa kamba kulikuwa na beberu wa milima ya Jebel Akhdar, kahawia, manyoya marefu, pembe hizo, na harufu ambayo ilipambana na manukato yangu ikashinda mapema.

Babu akayeyuka.

Tungesimama pale kwa amani mimi na beberu, tatizo akapita mbuzi jike. Beberu akainua kichwa, akakunja mdomo wa juu, na mimi nikajikuta ndani ya duara. Kutoka huwezi, mbele kuna jike na mwenyewe, nyuma kuna jamaa ana mbuzi watatu ananipigia kelele yalla yalla, kulia watu kushoto watu. Nikaanza kuzunguka. Nikamtafuta mshkaji anisaidie, nikamwona, kashika simu anarekodi video huku machozi yanamtoka.

Kijana mmoja akanikamata mkono, akambinya beberu wetu, akasema thamanin. Kiarabu changu ni cha kuombea maji, ila hesabu za sitini sabini themanini zinaeleweka bila mwalimu, na riali moja ni dola 2 na senti 60, kwa hiyo nikajua hapa sio mchezo. Sikujibu. Ningejibu nini, mbuzi si wangu! Nikawa naangalia juu ya bega lake namtafuta babu. Kijana akaona nimemdharau, akapanda, thamanini na tano. Nikaguna. Tisini. Beberu akamwona jike anatokomea, akanivuta, tukaondoka tukamwacha kijana katikati ya sentensi.

Kumbe soko zima limeona dalali mpya ana kiburi cha hatari. Raundi iliyofuata akanisimamisha mama mmoja Mbedui, barakoa usoni, macho makali, akamkagua yule beberu meno yote mpaka nikahisi atahamia kwangu. Mia. Nikatabasamu nikasema inshallah. Mzee wa pembeni akaingilia, mia na kumi. Mama akamgeukia akamtolea maneno, kisha akanigeukia mimi, mia na ishirini. Wakati huo nahisi kitu kinanivuta shingoni, natazama chini, beberu anatafuna kashada kangu, manukato na yote, anameza huku ananiangalia machoni. Nikapiga yowe "We!" na mkono juu, mama akadhani nimetukanwa na bei. "Mia na thelathini na tano!" Akanibandika noti kiganjani, akachomoa kamba, akaondoka na beberu wake.

Hapo ndo jasho likaanza rasmi. Nina riali 135 za mtu nisiyemjua jina, mbuzi keshaondoka, na soko zima limejaa wazee wenye dishdasha nyeupe, ndevu nyeupe na bakora. Nitamjuaje? Nikaona njia ni moja, nikaanza kupita nampigia kila mzee shikamoo. Mzee wa kwanza akanitazama tu. Wa pili akaitika "Marahaba!" Nikamrukia, sio yeye, ila aliishi Mwanza zamani na akataka kujua kama samaki bado wapo. Mwingine tena marahaba, huyu kazaliwa Bujumbura. Ningeendelea ningepata wazee wa kutosha kufungua tawi la kijiji, lakini mwenye mbuzi hayupo.

Nikamkuta nyuma kwenye kivuli, kajikunjia miguu mkekani, tende na halua mbele yake, wazee wenzake wamemzunguka, na katikati yao nani? Mkenya. Anawaonyesha video. Wanairudisha pale kwenye kashada, wanacheka, wanairudisha tena.

Nikampa babu hela zake, akahesabu, akatikisa kichwa kwa furaha. Nikamuuliza babu, si ulisema unakuja sasa hivi? Akanimiminia kahawa. "Mwanangu, hapa wote wananijua. Huyu jirani, huyu mkwe, yule nilisoma na baba yake. Nikitaja mia wananikumbusha udugu, naondoka na sabini. Nilipokuona tu nikasema huyu ana uso wa mtu asiyetaka kuuza."

Nikanywa kahawa nikarudisha kikombe, akajaza. Nikarudisha, akajaza. Mpaka mzee mmoja akanihurumia akanionyesha kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe, vinginevyo mtakesha. Babu akanipa riali kumi, akasema tano za udalali na tano za kashada. Nikajua tumemalizana, nikaanza kuitafuta ndala yangu.

Akanyoosha bakora kuelekea kwenye pikapu yake. Nyuma kulikuwa na beberu mwingine, mnene kuliko yule, ananiangalia shingoni.

Mshkaji tayari kashainua simu. Nikavua kofia, nikajipangusa jasho, nikaivaa tena vizuri.

"Huyu tunaanzia ngapi, babu?"