Huyo wa Ulaya hajui hata kuandika jina lake

Wifi yangu ndiye aliyesema, akicheka, tumekaa barazani Bombo, Uganda. Mimi na mwanangu tulikuwa na siku mbili tu tangu tushuke Entebbe. Binti yake yuko Topu, darasa la mwisho la nasari, na alikuwa ametufungulia daftari: moja hadi mia, mistari imenyooka kama gwaride la babu yake. Mwanangu amemzidi miezi mitatu. Alipopewa penseli alichora konokono.

Nilicheka nao, lakini iliniuma. Naishi Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Natunza wazee, na mtoto wangu anasoma chekechea ya manispaa. Karo tunalipa kadiri ya kipato. Watu hutoka mabara mengine kuja kuona chekechea za mji huu. Zilianzia kijiji cha jirani, Villa Cella, mwaka 1945. Vita vimetoka tu kuisha, wanakijiji wakauza kifaru, malori na farasi walioachwa na Wajerumani, wakaanza kujenga wenyewe shule ya watoto wadogo. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, aliposikia habari hizo alipanda baiskeli akaenda kujionea. Kazi hiyo hakuiacha hadi alipofariki 1994.

Mwaka wa kwanza sikuwaelewa kabisa. Mtoto harudi na kazi ya nyumbani, harudi na alama, anarudi na tope kwenye soksi. Waliokota konokono bustanini, basi wiki tatu ni konokono: wanamchora, wanamfinyanga, wanabishana kama nyumba yake inakua au huwa anahama. Mwalimu hawapi jibu. Anaandika wanayosema na kuyabandika ukutani, sisi wazazi tusome. Mjini kuna ghala linaitwa Remida, tangu 1996, ambako viwanda hupeleka mabaki yao: vipande vya ngozi, vifungo, mirija, karatasi. Shule huenda kuchukua humo. Siku niliyoingia mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Lilikuwa jaa la nyuma ya nyumba yetu, limepangwa kwenye rafu! Sisi tulisuka mipira ya majani makavu ya mgomba, tukaunda magari ya waya na vizibo vya soda, na hakuna aliyekuja kutuandika ukutani. Tuliambiwa tukaoge.

Uganda nako si kwamba hawajui. Mwongozo wa serikali wa 2005 kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 unataka wajifunze kwa kucheza. Lakini elimu ya bure ya 1997 inaanzia P1, darasa la kwanza la msingi. Nasari nyingi zimeachiwa watu binafsi, na mwenye nasari huuza kile mzazi anachonunua. Mzazi ananunua daftari lililojaa. Wifi yangu anatoa karo kila muhula, anataka aone pesa zake zimekwenda wapi, na konokono si risiti. Mwalimu naye simlaumu. Ukiwa na watoto hamsini chumba kimoja, utafuata konokono wa nani?

Siku ya tatu kaka yangu akatoa ubao wa mweso, bao letu la Uganda, mashimo 32, kete 64. Akaja mtoto wa jirani, miaka sita, ambaye nasari hajaikanyaga kwa kukosa karo. Akazidondosha kete nne nne katika mashimo manane, akatupia jicho zilizobaki, akasema, "Zangu sawa na zako." Hakuhesabu hata moja kwa mdomo. Binti wa Topu alizihesabu moja moja, akapotea kwenye ishirini na kitu, akaanza upya. Mwanangu alitaka kete zipangwe ziwe konokono.

Nisije nikaonekana nimelewa Ulaya. Kule mtoto kucheza na mwenzake ni mpaka mama wawili wapatane kwa simu tangu Jumanne. Wangu hajawahi kutumwa dukani chumvi akarudi na chenji. Binamu yake hutumwa kila siku. Ila mwanangu alipouliza "kwa nini" mara ya tano mbele ya wazee, niliona macho yote yamenigeukia mimi, na hapo nikaikumbuka Reggio.

Nilimweleza wifi haya yote. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Dada, wewe una tiketi ya kurudi. Huyu wangu ana intavyuu ya P1."

Na yule wa mweso? Mama yake alinieleza kuwa alishampeleka shule moja ya karibu. Walimpa penseli aandike jina lake, akashindwa, wakamrudisha nyumbani.

Jioni mbili za mwisho kabla ya safari nilikaa naye barazani na daftari jipya, namshika mkono kwenye kila herufi, huku mwanangu akituuliza kwa nini tunaandika neno lile lile ukurasa mzima.